Ufuo wa Siri Ambao Kila Mwanaume Anaujua

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine, kwa sababu Kisumu hii mtaambiwa tu: yule mama wa kofia kubwa kwenye video, anayetembea kinyumenyume akisifu utulivu wa ziwa huku nyuma yake wanaume wanaoga na mapovu ya sabuni, ni mimi. Si dada yangu, si mtu tunayefanana. Ni mimi. Nimechoka kukana, maana hata yule aliyekuwa ananiuzia sukuma hapa Nyalenda alikuwa akinikatia mboga huku ananiuliza kama wiki hii nimeenda ziwani au bado, na sasa nanunua mboga mbali kabisa, kwa mama mmoja ambaye haoni vizuri.

Aibu nimeimeza. Hasira ndiyo haijashuka, na ndiyo inaniandikisha.

Ilikuwa Januari, lile jua la Januari ambalo ukianika nguo ukimaliza kamba unarudi mwanzo kuanua (wale mnaoishi nyumba za mabati mnanielewa, mchana mle ndani unaweza kuoka mkate bila jiko), na mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Bondo kukaa na sisi siku tano. Kukaa ni neno la adabu. Alikuja kukagua. Mume wangu, Baba Jabali, aliniambia hilo akiwa anakula, mdomo umejaa ugali, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu.

"Mama anafikiria kwenda na Jabali Bondo. Akae huko mpaka afikishe umri wa shule."

Jabali ni mtoto wetu, ana miaka mitatu, ndiye mmoja tuliye naye.

"Nani ameamua?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyeamua. Anaangalia tu kwanza."

"Anaangalia nini?"

"Vile mnaishi," akasema, akachukua tonge lingine. Mnaishi! Kama yeye anaishi kwingine.

Na mambo yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko nilivyodhani. Jumapili baada ya ibada, Mama angerudishwa Bondo na gari la Fredi, na kwenye hilo gari nafasi ya Jabali ilikuwa imeshahesabiwa. Huyu Fredi ni mume wa Akinyi, dada ya mume wangu. Ni karani wa kanisa lao na ni mtu wa koti. Sijawahi kumwona bila koti. Joto likifika pale watu wanalala sakafuni kutafuta ubaridi, Fredi yuko na koti na tai na kitambaa cha kupangusia shingo. Na kwa Wajaluo, mama mkwe na mume wa binti yake hawana mchezo. Hawashikani mikono, hawali meza moja, Mama akiingia chumbani Fredi anasimama na kutazama ukuta, na hata kwenye gari Mama angeketi nyuma amejifunika leso na wangeongea habari za mvua tu mpaka Bondo. Mimi natoka Kakamega, kwetu pia wakwe wanaheshimiana, lakini hii ya hapa nilipoolewa niliambiwa mara tatu ili nisije nikakosea.

Nilikosea.

Sasa Jumatano nilikuwa kwenye foleni ya maji. Maji ya mfereji yalikuwa yamepotea wiki nzima, si Nyalenda peke yake, mpaka mitaa ya wenye magari, na foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba niliweka mtungi wangu nikapata muda wa kufungua simu. (Kumbukeni hilo la maji. Mimi sikulikumbuka.) Ndipo nikakutana na ukurasa mmoja unaitwa Raha za Jiji la Ziwa, wa dada fulani wa Milimani mwenye miwani ya jua kubwa kama vifuniko vya sufuria, na alikuwa ameandika: "Mambo Saba ya Kufurahia Summer Kisumu Kama Mwenyeji."

Summer! Mimi nilifika kidato cha nne, na mwalimu wetu wa jiografia alituambia wazi kwamba ikweta iko hapa karibu na sisi hatuna hiyo kitu, tuna jua na tuna mvua na katikati hapo tuna matope. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima zake leo. Lakini yale maneno "kama mwenyeji" yalinichoma. Nimekaa Kisumu miaka mitano na katika yale mambo saba nilikuwa sijafanya hata moja. Nikajiambia, ala, kumbe mji una raha zote hizi na mimi nazunguka kati ya foleni ya maji na soko. Nikajiambia, Mama akiona mtoto wa mtoto wake ana mahali pa kufurahia, ana upepo wa ziwa, ana mama anayejua mji, atamwacha.

Nilimkuta Mama nyumbani amekaa kwenye kigoda mlangoni, anamkata Jabali kucha. Nikamwambia kesho nitamtembeza mji.

"Mimi nilitaka tu kwenda Kibuye sokoni," akasema. "Ninunue sufuria ya kupikia samaki. Hii yenu ni ya chai."

"Sufuria tutanunua siku nyingine, Mama. Kesho nakuonyesha Kisumu."

Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo, sivyo? Sufuria.

Jambo la kwanza kwenye orodha lilikuwa nguo: vaa gauni jepesi linalopepea, na kofia pana, "mwenyeji hajui kuungua." Gauni nilikuwa nalo. Kofia niliazima kwa jirani, Mama Shantel, ambaye aliinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wake na anaiweka juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni kama cheti cha shamba. Alinipa akaniapisha. Mama mkwe aliponiona nimetoka nayo alizunguka akaitazama upande huu na upande ule.

"Nyar Kakamega," akasema (ndivyo anavyoniita, binti wa Kakamega, akiwa na furaha au akiwa na wasiwasi, na sijajua bado kutofautisha), "tunaenda harusi ama tunaenda kufukuza ndege shambani?"

Nikacheka, kwa sababu nilikuwa na mpango.

Jambo la pili, kula samaki ukitazama ziwa. Si pale ambapo sisi wote tunakula, unachagua samaki wako mwenyewe anakaangwa unamwona. Hapana. Dada wa miwani alitupeleka hoteli moja yenye vitambaa vyeupe mezani, na tukaletewa sahani kubwa kama uso wa ngoma, katikati kuna kipande cha samaki kinachotosha kumdanganya paka, na juu yake jani. Jabali alikula jani. Mama alikipindua kile kipande kwa uma, akatazama chini ya sahani, akamwita weita.

"Mwanangu, kichwa kiko wapi?"

"Hii tunaleta bila kichwa, Mama."

"Na mkia?"

"Bila mkia pia."

"Sasa mimi nitajuaje ni samaki?" akauliza, na hakuwa anafanya mzaha. Mtu amezaliwa kando ya ziwa, amekula samaki miaka sitini na kitu akimtazama machoni, halafu unamletea mnofu usio na jina. Weita akasema atamuuliza mpishi. Mpaka leo anamuuliza.

Jambo la tatu, panda boti ukaone viboko. Mama alinitazama kwa huruma. "Kiboko alikula mahindi yangu msimu mzima, amelala shambani amegaragara. Sasa nimlipie ndiyo nimwone?" Tukaruka la tatu. La nne lilikuwa chai ya barafu, na Mama aliposikia chai ya barafu alifunga macho akasema, "Bwana Yesu," kwa sauti ya chini, kwa hiyo tukaruka na hilo.

Hapo sasa ningerudi nyumbani. Jua lilikuwa limeanza kulegea, Jabali alikuwa amechoka, viatu vyangu vilikuwa vimenitoa malengelenge. Lakini niliona siku yangu inaniponyoka. Mama hakuwa amefurahia kitu hata kimoja, na Alhamisi ikiisha hivyo kungebaki Ijumaa na Jumamosi, halafu ndio gari. Nikaangalia la tano.

"Ufuo wa siri," alikuwa ameandika dada wa Milimani. "Wenyeji wachache sana wanaujua. Pita vibanda vya samaki, kwenye mti wa mkuyu pinda kushoto, fuata njia ya miguu katikati ya mafunjo. Nenda saa kumi na moja, jua likiwa limepoa. Piga video laivu, ututaje, uonyeshe wengine utulivu huu!" Na kulikuwa na picha: mawe makubwa laini, maji yametulia kama kioo, hakuna mtu. (Baadaye nilikuja kuelewa ile picha ilipigwa asubuhi saa nne, watu wakiwa kazini. Sitaki kuongea sana.)

Tukapinda kushoto. Mama alimbeba Jabali mgongoni, mimi nilitangulia na kofia.

Hapo mwanzo wa njia tulikutana na kina mama wawili na mabeseni ya nguo kichwani, wanatokea upande wa pili wa mawe. Walitutazama. Wakatazama kofia.

"Mnaenda huko?" mmoja akauliza.

"Ndiyo, tunaenda huko," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayejua siri.

"Haya," akasema. "Mtatuambia." Na wakaenda, na nikasikia wanacheka, na nikadhani ni wivu.

Tulitembea kidogo. Mama akasema, "Mama Jabali, hiyo ni sabuni."

Kweli kwenye jiwe kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, ile ya bluu. "Kuna mtu amesahau," nikasema.

Tukatembea tena. "Mama Jabali, hiyo ni suruali."

Ilikuwa imetandazwa juu ya kichaka. "Wameanika, Mama."

"Mama Jabali, ni saa ngapi sasa?"

"Saa kumi na moja."

"Kwetu saa kumi na moja upande kama huu—"

Na hapa, wapendwa, ndipo ningependa dunia isimame ili nijipige kofi. Niligeuka nikamwambia, kwa heshima lakini kwa ukali, mbele ya mtoto, "Mama, tafadhali. Leo wewe ni mgeni. Mwenyeji ni mimi."

Mama akanyamaza. Kuna kunyamaza kwa mtu ambaye hana neno na kuna kunyamaza kwa mtu ambaye amekuachia njia upite. Huku kulikuwa kwa pili.

Nikawasha laivu. Nilikuwa najitazama mwenyewe kwenye simu, mkono juu, na kwa kuwa jua lilikuwa linapiga kioo na kioo chenyewe kimepasuka tangu Krismasi, nilichokuwa naona ni ukingo wa kofia na meno yangu. Nikaanza kutembea kinyumenyume ili ziwa litokee nyuma yangu, na maneno niliyosema nayajua kwa moyo sasa, kwa sababu kila mtu ananirudishia:

"Hamjambo marafiki, leo niko na mama mkwe wangu mpendwa, nimemleta kwenye ufuo wa siri. Jamani, tazameni utulivu. Hapa hakuna kelele. Hapa hakuna wanaume wa kukusumbua. Hapa ni wewe, mtoto wako na Mungu. Hizo sauti mnazosikia ni ndege wa ziwani."

Hazikuwa ndege wa ziwani.

Kwanza nilisikia Mama amevuta pumzi. Halafu nikamsikia mwanangu, kwa ile sauti ya mtoto aliyepata rafiki kwenye umati, anaita:

"Anko Fredi! Anko Fredi anaoga!"

Niligeuka. Walikuwa wanaume kumi hivi, labda kumi na wawili, sikuhesabu. Kila mmoja alikuwa vile alivyozaliwa, akiwa na povu. Maji yamepotea mji mzima, watu watafanyaje? Ni pahali pa wanaume kuogea, na kando ya ziwa kila kijiji na kila mtaa una pahali pa wanaume na pahali pa wanawake na saa zake, hakuna kibao, watu wanajua tu kama wanavyojua upande wa kulala kitandani. Mtu pekee asiyejua alikuwa mimi, mwenyeji.

Na karibu kabisa, maji yakimfika magoti, kichwa chote kimejaa povu, macho amefunga, alikuwa shemeji Fredi. Bila koti.

Mama aliniambia baadaye kwamba mpaka hapo jambo lilikuwa linaweza kuokolewa. Mtu akikutana na kitu kama hicho anageuza uso, anapita, hakuona, hajaonwa, na hakuna anayetaja maisha yote. Heshima iko hivyo. Lakini mtu akishaitwa kwa jina, basi ameonekana. Na Fredi, kwa sababu ni mtu mzuri na anampenda Jabali, aliitikia.

"Naam! Jabali wangu! Uko na nani?"

"Niko na mama!"

"Mama gani?"

"Mama yangu! Na Dani!" Dani ndiyo nyanya. "Dani wa Bondo!"

Sijawahi kuona binadamu akipotea haraka vile. Alizama wima, kama msumari. Wengine nao wakatawanyika, mmoja kwenye mafunjo, wawili nyuma ya jiwe lililowatosha mmoja, wengine majini mpaka kidevu, isipokuwa mzee mmoja ambaye hakujisumbua hata kidogo. Aliendelea kusugua kisigino na jiwe.

"Huyo mama azime simu," akasema. "Sisi tumeoga hapa tangu wakati wa baba zetu. Sasa tumekuwa sinema?"

Simu! Mkono ulikuwa bado uko juu. Nikabonyeza haraka kuzima, na sikubonyeza pa kuzima, nilibonyeza ile mishale ya kugeuza kamera. Kwa hiyo watu waliokuwa wanaona meno yangu wakaanza kuona ziwa.

Upepo nao ukachukua kofia. Ya Mama Shantel, ya harusi. Ikapaa, ikazunguka, ikatua majini polepole mbele ya Fredi, ambaye ndio alikuwa anatokeza kichwa kutafuta hewa.

"Shemeji," nikasema, kwa sababu akili ilikuwa imeniacha, "habari ya jioni?"

"Nyar Kakamega, ondoa Mama! Ondoa Mama kwanza!"

Lakini Mama alikuwa haondoleki. Alikuwa amegeuka, ameingiza mtoto na kichwa chake chote ndani ya leso, na amesimama kando ya kichaka kama nguzo ya stima, na alikuwa ameamua hatasogea maana hajui akisogea ataona nini. Na juu ya hicho kichaka, pembeni ya bega lake, kulikuwa na koti. Limekunjwa vizuri. Tai imewekwa juu yake.

Mama akaongea kutoka ndani ya leso. Hakuongea na Fredi, wako hatua kumi lakini hawawezi kuongea. Aliongea na mimi.

"Mwambie huyo mtu nguo zake ziko hapa kwangu."

Nikageuka. "Shemeji, Mama anasema nguo zako ziko hapa kwake."

"Mwambie Mama naomba asogee kidogo."

"Mama, anaomba usogee kidogo."

"Mwambie sina macho. Nisogee wapi?"

"Anasema hana macho."

"Mwambie Mama anisamehe sana," akasema Fredi, na nilisikia sauti yake inataka kulia.

"Mama, anaomba msamaha."

"Mwambie yeye hajanikosea. Aliyenikosea alikuwa amevaa kofia."

"Mama," nikasema, "kofia iko na yeye sasa."

Hata yule mzee aliacha kisigino.

"Basi mwambie aitumie," akasema Mama.

Na aliitumia. Mimi nilifumba macho, naapa, lakini simu haikufumba, na kile watu walichoona ni shemeji yangu, karani wa kanisa, akitoka kwenye ziwa hatua kwa hatua na kofia pana ya harusi mbele yake, ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka. Namshukuru Mungu ilikuwa pana. Ndilo jambo pekee ambalo dada wa Milimani alilisema sawa.

Ndipo simu ikalia mkononi mwangu. Ni Baba Jabali. "Zima! Uko laivu! Bondo yote inaangalia! Kwaya ya Mama yote inaangalia!"

Sitawaeleza safari ya kurudi. Tulirudi. Jabali peke yake ndiye aliongea, na alikuwa anaongea juu ya Anko Fredi.

Ijumaa Akinyi alipiga simu, mara analia mara anacheka, akasema mumewe amekula chakula cha jioni na koti na amelala nalo. Jumamosi wazee wawili wa ukoo walikaa na mume wangu wakasema jambo kama hili haliachwi hivihivi, Fredi lazima aende Bondo rasmi na kitu cha heshima mkononi kabla yeye na Mama hawajakutana tena, na hiyo ingengoja watu wamalize kupanda. Kwa hiyo gari la Jumapili likafa.

Mngedhani nilifurahi. Nilijua basi za kwenda Bondo zipo. Na Jumamosi hiyo mchana, nikitoka kuchota maji, nilikuta mfuko wa Mama uko wazi kitandani na ndani yake kuna nguo za Jabali, zimekunjwa ndogondogo, hata ile fulana ya njano niliyoishona mwenyewe kwapani. Mtungi sijui niliuweka wapi. Nilitaka kupiga kelele, kwa mume wangu aliyeniambia habari hizi akitafuna, kwa yule mwanamke na miwani yake, kwa Bondo na hewa yake. Nilijikuta nimepiga magoti.

"Mama, nimekuaibisha. Nitukane. Mwambie kila mtu mimi ni mjinga. Lakini mtoto niachie."

Alikuwa ameshika kaptula ya Jabali.

"Ulikuwa unanipeleka huko kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka uone mji una mahali pazuri. Ili usimchukue."

"Ungeniambia hivyo tukiwa hapa mlangoni," akasema, "tungeenda sokoni, na mguu wako usingekuwa na hayo malengelenge." Halafu akaanza kutoa zile nguo kwenye mfuko, moja moja, akiziweka kitandani. "Nilikuja kuchukua mtoto mmoja. Nimekuta wako wawili, na mkubwa ndiye hajui njia. Nikimchukua huyu mdogo, wewe utachungwa na nani? Na Bondo mimi siendi, nyar Kakamega. Siendi mpaka watu wasahau."

Nikalia. Nililia kwa furaha, halafu katikati ya kulia nikaanza kufikiria maneno "mpaka watu wasahau" na watu wa Bondo ninavyowajua, nikaendelea kulia kwa sababu nyingine.

Sasa ni Aprili. Mvua imekuja, matope yamefika mlangoni, na Mama yuko. Analala na Jabali kwenye kitanda, mimi na Baba Jabali tuko chini kwenye godoro karibu na mlango, na yeye ndiye anayegongwa na mlango ukifunguliwa, ambalo ni jambo la haki. Kila Jumatano Mama hunipeleka pahali pa wanawake, ni upande wa pili wa yale mawe, pale wale kina mama wawili walipokuwa wanatokea, na mimi ndiye hubeba beseni. Kwenye foleni ya maji anajua majina ya watu wote. Kofia Mama Shantel alikataa kuipokea. Fredi akipita njiani na koti lake tunasalimiana tukitazama mawingu.

Kwenye ukurasa wa Raha za Jiji la Ziwa niliandika maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, marefu, na sikuacha hata nukta. Nilijibiwa: "Asante kwa kutembelea nasi! Tunafurahi ulijionea!" na picha ya jua linacheka. Nikachunguza. Huyo dada alikuja Kisumu Desemba, akapanga Milimani, akarudi Nairobi Januari. Wiki nne. Ametufundisha uenyeji wiki nne.

Kwa hiyo nimeapa, na naandika ili mnishike nayo: sitafuata tena mtu wa kwenye simu anionyeshe mahali ninapoishi, wakati mtu anayelijua ziwa anatembea nyuma yangu, amebeba mwanangu, na mimi nimemwambia anyamaze.

Jana mvua ilipoacha kidogo, simu ikanionyesha: "Mambo Saba ya Kufurahia Msimu wa Mvua Kisumu." Niliizima. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anamenya ndizi. Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza Januari tungekuwa watu wengine kabisa leo.

"Mama, wewe ungependa twende wapi?"

Aliweka kisu chini polepole, kama mtu aliyengoja basi siku nzima na sasa ameliona linakuja.

"Kibuye," akasema. "Sufuria."